Fundi wa Baridi Asiyesifu Mtu

Ukitaka kumuudhi Fundi, msifu mtu mbele yake. Sema tu, "Fundi, mashaallah, mjukuu wako amekuwa mzuri," uone kilichomtoa kanga manyoya. Atakunja uso kama aliyeng'ata ndimu changa, atavuta kofia mbele, kisha atakwambia, "Mzuri wapi? Hebu mtazame masikio yale." Na mtoto mwenyewe kakaa pale pale, anasikia. Mtoto wala hashughuliki. Keshazoea. Anajua babu yake anamfunika, kama mtu anavyofunika sahani ya chakula nzi wasitue.

Ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyo mpaka hii leo. Fundi wa mafriji, mafriza na viyoyozi, karakana yake ipo Chake Chake nyuma ya soko, nyumba yake Pujini. Kila asubuhi huja kwa baiskeli, suruali kaikunja mguu mmoja, kikapu nyuma kimejaa mabomba ya shaba na muhogo wa kuchemsha. Kufanya kazi na mafriji kote huko, yeye mwenyewe maji ya baridi hanywi. Ukimletea soda iliyotoka kwenye friza aliyoitengeneza kwa mkono wake, ataiweka juani kwanza. "Baridi ni ya samaki," husema. "Mimi ni samaki?" Kahawa yake ya tangawizi ilikuwa lazima imuunguze ulimi, vinginevyo huirudisha.

Mimi nilikwenda kwake nilipotoka chuo cha amali, msichana peke yangu katika darasa la wavulana, na cheti changu nimekipiga plastiki. Mama ndiye aliyenipeleka. Fundi hakukitazama cheti. Alinipa bomba lililovuja na mashine ya kuchomelea, akaondoka akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alilitazama bomba, akaliingiza kwenye ndoo ya maji kuona kama litatoa povu, halikutoa. Basi akamgeukia mama yangu.

"Bibi, mwanao yuno hajui kitu. Wala sidhani kama atajua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama naye akachukua mkoba wake, akamshukuru kwa adabu zote, na tulipofika njiani akanifinya mkono kwa furaha. "Alhamdulillahi, mwanangu. Amekupenda."

Nikamwambia, "Mama, hujasikia alivyosema?"

"Nimesikia. Angekusifu ningekurudisha nyumbani."

Mji mzima ulijua namna ya kumsoma. Mteja akija kuchukua friji lake, Fundi humwambia, "Chukua, lakini bovu hili, halifiki Idd." Mteja huyo huondoka anatabasamu, maana friji la namna hiyo litagandisha barafu mpaka wajukuu wazeeke. Lakini akisema, "Hili zima kabisa, liko sawasawa," basi mteja hushika kichwa, akaanza kutafuta wa kumuuzia. Wakati mmoja alikuja bwana mgeni kutoka Unguja, akaambiwa friza lake bovu halifiki Idd, akaanza kumgombeza Fundi kwamba kwa nini basi amelitengeneza. Ikabidi mimi nimtoe nje nimweleze kwa upole kama ninayemfariji mfiwa.

Kwenye karafuu ndiyo usiseme. Ana mikarafuu michache pale Pujini, ya urithi. Mwaka ikibeba, majamvi yanajaa uani, njiani, mpaka juu ya bati la banda la kuku, harufu inakupokea tangu barabarani. Muulize, "Fundi, mwaka huu vipi?" Atakujibu huku kasimama katikati ya majamvi, karafuu zimemfika kifundoni, "Mwaka huu hamna kitu, yakhe. Hamna kitu kabisa."

Na safari! Safari zake hakuna aliyewahi kuzijua mpaka zimekwisha. Alikuwa na msemo wake, sijausikia kwa mtu mwingine: "Chungu kinachochemka hakifunuliwi." Alipokwenda Umra, alituaga karakana kwamba anakwenda Wambaa kutazama friza la wavuvi. Siku zikapita. Tukimuuliza mkewe, Bi Mkubwa wetu, anajibu bila kupepesa jicho, "Lile friza la Wambaa lina matatizo makubwa." Watu wakaanza kumhurumia. Wengine wakawa wanapita karakana kuuliza, hivi friza gani hilo? Akarudi kichwa kimenyolewa, mkononi dumu la Zamzam na tende, akatugawia, akavaa nguo za kazi akashika spana. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Ila mpaka leo pale sokoni, mtu akiwa na jambo lake la siri, wenzake husema yuko Wambaa.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtu wa kimya. Wapi! Habari za wenzake alizitaka zote, tena motomoto. Baada ya alasiri hukaa barazani na kikombe chake na kuanza kuhoji wapita njia. Fulani kaposa? Kaposa kwa nani? Mahari imesemwa? Ukimficha hukasirika, akasema siku hizi watu hawana mapenzi. Siku moja nilimwambia, "Lakini Fundi, wewe mbona hutuambii zako?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Zangu za nini tena? Mimi sina mambo."

Na kwenye bao alikuwa mwizi. Nasema mbele ya Mungu. Mtu wa swala tano, hakosi Ijumaa, haongezi gesi chafu kwenye friji la mtu, lakini kete za bao humhama mkononi zenyewe. Ukimkamata hucheka mpaka machozi, akasema alikuwa anakupima.

Kufundisha kwake hakukuwa na maneno. Hakuwahi kuniambia "vizuri" hata siku moja. Nikikosea alinionesha, nikipatia alipita kimya, akaniongezea kazi ngumu zaidi. Nikafika mahali nikawa naijua kazi kwa uzito wa kazi niliyopewa. Siku aliponiachia chumba cha baridi cha hoteli moja ya kaskazini, kompresa zake kubwa kama ng'ombe, nilijua nimefuzu. Hata hivyo, binadamu ni binadamu. Usiku nikilala nilitamani anisifu. Mara moja tu, hata kwa kukosea.

Ni kile chumba cha baridi kilichoniharibu. Tangu siku ile sikuyataka tena mafriji ya nyumbani. Nilitaka mitambo mikubwa, ile inayopoza jengo zima, maghala ya chakula marefu kama uwanja wa mpira. Pemba hatuna ya namna hiyo. Nikaanza kutafuta kazi nje, kule Uingereza, ambako nilisoma kwenye simu kwamba mafundi wa baridi ni adimu. Ila huendi vivi hivi. Hupati viza ya kazi ya ujuzi mpaka mwajiri wa kule, mwenye kibali cha serikali yao, akudhamini, aseme huyu namtaka mimi na kazi yake ni hii.

Nilimweleza mama. Akaacha kukuna nazi. "Mdhamini? Umefanya nini, mwanangu? Polisi wanajua?"

Tukacheka, lakini kumpata mdhamini haikuwa kichekesho. Kila kampuni niliyoiandikia ilijibu kwa heshima kwamba hawadhamini mtu wa nje. Wengine hawakujibu kabisa. Fundi aliniona siku moja nimeinamia simu nikiandika habari zangu, kwamba mimi ni hodari, mimi ni mwaminifu, mimi najua hiki na kile. Akavaa miwani akasoma. Akaja juu.

"Astaghfirullahi! Yote haya umeyasema mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Ndivyo wanavyotaka, Fundi."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Weye wajitembeza?"

Nikamjibu, "Fundi, kizuri kikikaa Chake Chake, cha Uingereza kitajiuzaje?"  Akaenda kupasha kahawa yake ambayo tayari ilikuwa inachemka.

Basi ikatokea kampuni moja. Inatengeneza na kutunza vyumba vya baridi vya maghala ya vyakula. Walinihoji kwa simu ya picha, wakanimwagia maswali nikayajibu, Kiingereza changu nikakikokota hivyo hivyo mpaka kikafika. Bibi mmoja wa pale kampuni, sauti laini, akaniambia wameniridhia na wako tayari kunidhamini. Kimebaki kitu kimoja: wazungumze na mtu aliyenifundisha kazi, athibitishe.

Furaha niliyokuwa nayo! Nikampa namba ya Fundi. Kiingereza anacho, alikipata melini ujanani alipokuwa akitunza vyumba vya baridi vya meli za mizigo. Nikamwendea, nikamweleza yote. Halafu, kwa kuwa nami ni Mpemba na mama alikuwa amenikalia shingoni kwamba watu wasijue, wenye vijicho wasije wakaharibu, nikamalizia kwa kumnong'oneza, "Lakini Fundi, isitoke hapa. Mtu asijue."

Akaweka mkono kifuani. "Mimi? Hata maiti watazungumza kabla yangu."

Jumatatu iliyofuata jibu la kampuni likaingia kwenye simu yangu. Walisema wanasikitika. Walimpata mwalimu wangu, naye amewaambia kwamba hajui safari yoyote, kwamba mimi siendi popote, na walipomuuliza juu ya kazi yangu alisema sijui kitu wala hadhani kama nitajua. Kwa hiyo hawataweza kunidhamini.

Sikumbuki nilivyofika karakana. Najua viatu vilikuwa vya jozi tofauti, maana Fundi ndiye aliyeniambia.

"Fundi, umewaambia nini watu wangu?"

Akafuta mikono kwa tambara taratibu. "Watu gani?"

"Wa kampuni! Wa Uingereza! Umewaambia sijui kitu!"

"Aa, yule. Kapiga, ndiyo. Sauti nzuri, lakini simjui baba yake wala mama yake. Ananiuliza mwanangu anasafiri lini, ni hodari kiasi gani. Nimjibu? Mtu ambaye hata sijui kama ana jicho baya? Nikamwambia hamna safari. Akazidi kuuliza. Akizidi kuuliza nami nikazidi kufunika." Halafu akaongeza, kwa fahari kabisa, "Si uliniambia isitoke hapa?"

Ndugu yangu, nililia na kucheka kwa pamoja, nikashindwa kujua kipi ni kipi. Nikamwambia yale ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake. Nikamwambia kwamba miaka yote nimefanya kazi chini yake kama punda, sijasikia neno moja zuri, nimevumilia, nikasema ndiyo mila, ndiyo mapenzi yetu. Lakini mzungu hajui mapenzi ya namna hiyo. Mzungu ukimwambia mtu hajui, anaamini hajui. "Umenifunika, Fundi, mpaka umenizima pumzi!"

 Nikaondoka. Nikakaa nyumbani sitoki, simu siijibu, nikiona friji jikoni nageuza uso.

Kumbe hasira zangu hazikumzuia mama. Yeye alikuwa na zake. Kwanza alinilazimisha nimwandikie yule bibi wa kampuni nimweleze ukweli wote: kwamba kwetu kizuri husemwa kibaya, kwamba safari haitangazwi, kwamba aliyoyasikia ndiyo sifa kubwa kuliko zote kisiwani. Niliandika nikijua naonekana mwendawazimu. Yule bibi akajibu kwamba hajawahi kusikia kisingizio kama hicho tangu aanze kazi, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo atampigia mwalimu wangu mara moja tena, kwa simu ya picha, Alhamisi. Safari hii jibu litakalotoka ndilo la mwisho.

Kisha mama akajifunga mtandio akaenda Pujini. Waliyozungumza siyajui mpaka leo. Nilimuuliza, akasema alikwenda Wambaa.

Alhamisi baada ya alasiri nilikwenda karakana. Fundi alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa na kofia iliyotarizwa, kaketi juu ya kreti la soda, simu kaiegemeza kwenye kompresa. Pembeni kaweka chetezo, ubani unafuka mpaka macho yanawasha. Midomo inacheza, anasoma Ayatul Kursiyyi. Aliponiona akaniashiria nikae nyuma ya friza kubwa, nisionekane.

"Sifa zikitoka, weye usiwe mbele yake," akasema. "Moshi utazipeleka juu."

Simu ikaita. Sura ya yule bibi ikatokea, na neno lake la kwanza, badala ya salamu, lilikuwa kuuliza kama karakana inaungua.

"Hapana, bibi," Fundi akamjibu kwa Kiingereza chake cha melini. "Hii ni kinga. Wewe hujambo? Wazee hawajambo? Watoto? Mumeo?" Yule bibi akasema hana mume. Fundi akamuombea dua apate. Mimi nyuma ya friza nimefumba macho, nasema Ya Rabbi, kanipoteza tena.

Yule bibi akamuuliza, kwa upole lakini moja kwa moja, je, mwanafunzi wako anaijua kazi?

 Nikasikia mkaa wa chetezo ukipasuka. Nikachungulia. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, kofia imemfunika macho.

"Anaijua," akasema.

Neno moja tu.

"Anaijua kuliko nilivyoijua mimi umri wake. Akishika bomba, halivuji. Mimi hulitia majini kila siku kuona povu, miaka yote hiyo, nikisema leo nitamkamata. Sijamkamata. Akisikiliza kompresa anajua inaumwa wapi kabla hajaifungua. Hasemi uongo kwa mteja. Mafriji ya wajane huyatengeneza bure nikiwa sipo, akadhani sijui. Najua."

Yule bibi akasema asante, hiyo ndiyo habari aliyokuwa akiitaka. Akauliza basi kwa nini mara ya kwanza alisema vingine. Ni ile mila aliyoandikiwa?

Nilijua atasema ndiyo. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, angepita tu na heshima zake.

"Mila ipo," akasema Fundi. "Lakini bibi, mimi ni mtu mzima, nimetembea bandari za watu, najua simu ya kazi ni nini. Nilijua wewe ni nani, na nilijua unataka nini. Nilisema hajui kitu kwa sababu sikutaka umchukue." Akainua mkono wake wa kulia mbele ya simu, na hapo nikauona kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nao kila siku. Ulikuwa unatetemeka. "Huu haushiki tena moto. Tangu mwaka jana kila kinachochomelewa hapa anachomelea yeye, mimi nasimama pembeni nagomba, watu wakadhani ni mimi. Akiondoka, karakana imefungwa. Nilimwambia naogopa vijicho vya watu. Kijicho kilikuwa changu."

 Yule bibi akamuuliza: sasa je, unataka aende?

"Ukiniuliza nataka, sitaki. Ukiniuliza anaweza, anaweza. Wewe umeniuliza kazi. Nimekujibu kazi."

Yule bibi akasema cheti cha udhamini atakituma wiki ijayo, na kwamba katika wote aliowahi kuwapigia, hakuna aliyemwambia ukweli kama huo. Wakaagana. Fundi akaigeuza simu kifudifudi juu ya kompresa, akabaki kakaa vile vile juu ya kreti.

Nikatoka nyuma ya friza, uso umelowa, kamasi, machozi, moshi, vyote. Nilitaka kumshika mkono ule nikaona haya. Nilitaka kumwambia siendi, na neno likanifika kabisa mdomoni. Nadhani aliliona.

"Unalilia nini weye?" akanikemea. "Wa kulia ni miye."

Nikadhani ananitania, nikaanza kucheka. Ndipo alipovua kofia yake kujifutia, nikamwona kweli analia.